Chumba Chenye Barza

Katika Kifaransa cha Kongo kuna neno ambalo mtu wa Paris hawezi kulielewa asipofafanuliwa: barza. Ni neno letu wenyewe, baraza, ambalo Wabelgiji walilichukua ili kuipa jina ile sehemu ya mbele ya nyumba yenye paa lakini isiyo na ukuta, mahali ambapo watu hukaa jioni. Lilipoteza irabu moja njiani, kisha likaturudia likiwa limevaa koti la Kifaransa. Leo hapa Lubumbashi mtu akisema "tuikale ku barza" hajiulizi kama amekopa au amekopesha. Walimu wetu wa isimu wanalipenda neno hili, na kila mwaka linaandikwa ubaoni kama mfano wa neno lililosafiri likarudi. Mimi pia nililijua hivyo tu, kama mfano, mpaka mwezi wa pili mwaka huu, mama mdogo aliponiomba nimsaidie kuchagua chumba katika meli ya utalii.

Mama mdogo anaishi Liège tangu 2000. Kwa miaka 24 alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee: kugeuza wagonjwa kitandani, kubadilisha mashuka, kukaa na mtu anayekata roho hadi asubuhi. Alipostaafu, watoto wake na wafanyakazi wenzake walichanga pesa, bahasha ya yuro 1,500, wakaandika juu yake kwa kalamu nene kwamba ni ya safari ya meli, si ya kitu kingine. Walimjua vizuri. Bila maandishi yale, pesa zote zingekuwa zimefika Uvira, Kalemie na Lubumbashi kabla juma halijaisha.

Safari yenyewe ni ya usiku 7 katika bahari ya Mediteranea, upande wa magharibi. Meli inaondoka Marseille, inakwenda Genova, inashuka pwani ya Italia hadi Palermo, inavuka kwenda Barcelona, kisha inarudi Marseille. Watoto wake walitaka kulipa upesi kwa ile bei ya chini ambayo mteja hachagui chumba; kampuni yenyewe inampa kinachobaki siku chache kabla ya safari. Yeye akakataa. Akanipigia mimi.

"Kifaransa nakisikia kila siku, papa," alisema. "Hii nataka niisikie mu Kiswahili. We si unasoma luga?"

Kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kulijua mapema. Mama mdogo ndiye anayenisaidia kulipa ada ya chuo, ambayo sote hapa tunaiita frais. Na alikuwa amesema wazi, mbele ya mama yangu, kwamba kitakachobaki katika bahasha atanitumia. Siku ile bei zilikuwa hivi: chumba cha ndani, kisicho na dirisha, yuro 890, chumba chenye dirisha lisilofunguka, 1,050, chumba chenye roshani, 1,290. (Anasafiri peke yake, na vyumba vya meli huuzwa kwa kuhesabu watu wawili, hivyo anayelala peke yake hulipia karibu vitanda vyote viwili. Mjane hulipia nafasi ya marehemu.) Mimi nilikuwa nimebakiza dola 400 za ada. Hesabu ya namna hii haihitaji profesa. Muda wote niliokuwa nikimweleza mambo ya roshani, hesabu hiyo ilikuwa imeketi karibu nami.

Alinitumia mchoro wa sitaha za meli, yaani ramani ya kila ghorofa, yenye vyumba vidogo vidogo vya rangi na namba. Niliuchapisha kwa mtu wa fotokopi nyuma ya chuo, kurasa kumi na moja, nikazipanga chini sakafuni. Mwenzangu wa chumbani aliuliza kama ninajenga hoteli. Nilijibu kwamba ninasoma matini. Na kweli ni matini: ina msamiati wake, ina mambo inayoyasema kwa sauti kubwa na mengine inayoyanong'ona kwa alama ndogo pembeni. Pembe tatu maana yake kitanda cha tatu kinachoning'inia ukutani. Mshale kati ya vyumba viwili maana yake kuna mlango katikati, na sauti ya jirani hupita humo. Eneo jeupe lisiloandikwa kitu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu mahali meli inapoficha jambo ndipo huwa jiko, stoo au mashine.

Kazi ya kwanza ilikuwa maneno. Nilimwambia kwamba chumba cha bei ya juu kina roshani.

"Roshani ni nini?"

Nilimwambia ni neno la pwani, asili yake ni Kiajemi, na huko kwao lina maana ya nuru. Alinyamaza kidogo, kwa heshima, kama mtu anayesubiri mtoto amalize kukariri somo.

"Ni barza ya ghorofani," nikasema.

"Aa, barza! Sasa ile ya bei kidogo, iko na barza?"

"Hapana, mama. Haina hata dirisha."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ukizima taa, mchana na usiku ni sawa."

Hakuuliza tena habari za chumba hicho usiku ule. Nilifikiri ni uchovu.

Sehemu ya pili ilikuwa mahali pa chumba ndani ya meli, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili kilikwisha kuandika mwongozo wa abiria zamani sana. Sisi tunaozungumza Kiswahili cha bara, tena bara ya mbali kama hii, tunazijua methali za pwani kwa kuzikariri. Kila mmoja wetu amewahi kuandika katika mtihani: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunaeleza kwamba maana yake ni kuwa mtu hata akitangatanga vipi atarudi kwao, tunapewa alama, tunakwenda zetu. Ni wangapi kati yetu wanaojua tezi iko wapi? Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni tumbo lake, kule chini mizigo inakokaa na maji yanakochuruzikia. Baharia anaweza kupanda nyuma na mbele apendavyo. Chombo kikiyumba, atarudi kati na chini.

Basi ndivyo ilivyo hadi leo katika meli za watu 4,000. Meli inapopanda na kushuka juu ya mawimbi, inacheza kama ule ubao wa watoto wa kupandishana: aliyeko mwishoni anarushwa, aliyeko katikati hasogei sana. Na inapolala ubavu huu na ule, wa juu ndiye anayechukuliwa mbali zaidi, kama ndege aliyetua kwenye ncha ya mti kuliko mchwa kwenye shina. Kwa hiyo anayeogopa kichefuchefu achague katikati, sitaha za chini. Vyumba vya omo hupigwa na upepo, na meli ikienda kasi roshani za huko hazikaliki. Vyumba vya tezi mara nyingi vina roshani kubwa zaidi, na mtu akikaa huko anatazama njia nyeupe ambayo meli inaiacha majini. Lakini mtetemo wa mashine na mapangajembe huwa mkubwa zaidi upande huo, na katika meli nyingi roshani za nyuma zimepangwa kama ngazi, kiasi kwamba aliye juu anaona chakula chako.

Kilichonishangaza ni bei. Kampuni huuza vyumba vya juu kwa bei kubwa kuliko vya chini vilivyo sawa navyo kwa ukubwa na kwa samani. Mteja anaongeza pesa ili ayumbishwe zaidi. Nilipomweleza mama mdogo alicheka sana, akasema hata nyumba za wazee ziko hivyo: ghorofa ya juu inagombaniwa, kisha kila mtu anangoja lifti.

Baada ya mahali kuna majirani, hasa wa juu na wa chini. Hili sikulijua, nililijifunza kwa kulinganisha kurasa zangu pale sakafuni, nikiziweka moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea kinaonekana kizuri hadi saa kumi na mbili asubuhi, wafanyakazi wanapoanza kuburuta viti. Chumba kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakina usiku. Kanuni niliyoifikia ni kutafuta chumba chenye vyumba vya kulala juu yake na vyumba vya kulala chini yake, kwa sababu watu waliolala hawapigi kelele. Kisha kuna mashua za kuokolea. Zinaning'inia ubavuni mwa meli, na vyumba vilivyo nyuma yake huuzwa nafuu kidogo kwa sababu mandhari yake imezibwa. Wengine wanafungua pazia wanakuta mgongo wa mashua, rangi ya machungwa, basi. Nilimtajia mama mdogo hivyo pia, maana vilikuwa vya yuro 1,130, na mimi sikusahau kuitoa 1,130 katika 1,500.

"Nitaiona inchi kavu?" aliuliza.

"Kidogo, juu ya mashua."

"Basi hapana."

Ni katika simu ya tatu ndipo aliponiambia. Jambo lenyewe katika familia tulilijua kwa kichwa chake tu. Mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira, mama mdogo alikimbia na watu wengine hadi ufukoni, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa ikisemwa nyumbani, nayo inatosha kwa fomu ya mkimbizi. Sikuwahi kusikia alivukaje. Alivuka ndani ya tumbo la boti la mizigo, chini ya mbao, pamoja na magunia ya ndakala waliokaushwa. Walikuwa wengi, mwenye boti aliwafungia kwa juu ili wasionekane kutoka nchi kavu. Hakujua ni saa ngapi. Maji yalikuwa yakifika kwenye vifundo vya miguu. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alikuwa akihesabu kwa sauti, moja hadi mia, kisha anaanza tena, na ilifika wakati akaacha kuhesabu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Harufu ya ndakala mpaka leo sipike," alisema. "Watoto wangu wanafikiri ni Ulaya ndiyo imeniharibu."

Nilikuwa na karatasi zangu mbele yangu na kalamu mkononi. Neno ngama nilikuwa nimemfundisha mimi, juzi yake tu, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata mfano mzuri.

Alirudi mwaka 1997, na hapo sauti yake ilibadilika. Vita vya kwanza vilipokwisha, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikodi meli ya Liemba kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Uvira. Meli ile ilikwenda na kurudi kwa miezi kadhaa, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Mama mdogo alikuwa mmoja wao. Alikataa kushuka chini. Alikaa kwenye sitaha ya nje safari nzima, jua na baridi, ameshika chuma cha kizuizi, mpaka milima ya kwetu ilipotokea. Mtu alimletea chai. Anakumbuka kikombe kilikuwa cha bati, na kwamba aliyemletea alimsalimu kwanza.

Katika kutafuta habari za meli za utalii nilikutana na jambo ambalo lilinifanya nimpigie usiku uleule, jambo ambalo huwa silifanyi kwa sababu ya bei ya megabaiti. Liemba ilijengwa Ujerumani, mjini Papenburg, mwaka 1913, katika kiwanda cha meli cha Meyer, kwa jina la Graf von Götzen. Ikavunjwa vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mashine zake grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Sasa, kiwanda kilekile cha Papenburg, mbali na bahari, kando ya mto Ems, leo kinajenga meli za utalii, zile kubwa kabisa zenye roshani ubavu mzima. Zinapokamilika hushushwa mtoni polepole kuelekea bahari, na watu hujipanga kingoni kuzitazama.

"Ni mafundi wale wale?" aliuliza.

"Wajukuu wa wajukuu wao, mama."

"Basi wanajua kujenga kitu cha kukaa inje."

Roshani katika meli si jambo la zamani kwa watu wa kawaida. Titanic, mwaka 1912, ilikuwa na vyumba viwili tu vya fahari vyenye sehemu ya faragha ya kutembelea, na kimojawapo kilikaliwa na mwenyekiti wa kampuni yenyewe, Bruce Ismay. Wengine wote walitoka nje pamoja, kwenye sitaha ya wote, kila mtu na daraja lake. Mwaka 1984 ilitokea Royal Princess, iliyojengwa Helsinki, ambayo vyumba vyake vyote vya abiria vilitazama nje na vingi vilikuwa na roshani. Tangu hapo wenye kampuni waligundua kwamba mita chache za mraba za hewa zinauzika vizuri. Leo katika meli mpya vyumba vyenye roshani ndivyo vilivyo vingi. Wamefika hatua ya kutengeneza roshani zisizotazama bahari: katika Oasis of the Seas ya mwaka 2009 kuna vyumba ambavyo barza zake zinatazama bustani iliyopandwa katikati ya meli. Hiyo mimi naiona karibu na kijiji kuliko nyingine zote, lakini sikumwambia, isije ikamchanganya.

Aliuliza kuhusu hatari, kama mtu aliyefanya kazi na wazee anavyouliza: kizuizi kina urefu gani? Nilimjibu kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka vizuizi vya meli zinazochukua abiria kule viwe na sentimita 107 angalau, yaani kifuani kwa mtu wa kimo chake. Nilimweleza pia kuhusu moto wa Star Princess, Machi 2006, karibu na Jamaika. Moto ulianzia kwenye roshani, inadhaniwa kwa kipande cha sigara, ukaruka kutoka roshani hadi roshani kwa sababu viambaza kati yake vilikuwa vya plastiki. Abiria mmoja alikufa. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, roshani zikatiwa vitu vya kugundua na kuzima moto. Nilimweleza kwa sababu nilijiahidi kumwambia kila kitu, kizuri na kibaya, ingawa nakiri kwamba kibaya kilikuwa na faida kwangu.

Haikumtisha. Kilichomgusa ni habari nyingine, ya Februari 2020, pale Diamond Princess ilipozuiwa Yokohama kwa sababu ya korona, watu zaidi ya 3,700 wakiwa ndani. Abiria walifungiwa vyumbani kwa majuma mawili. Wenye roshani walitoka kuvuta hewa wakati wowote. Wa vyumba vya ndani walisubiri zamu ya kutolewa sitahani kwa muda mfupi. Mwaka ule mama mdogo alikuwa kazini usiku kwa usiku, katika nyumba ambayo milango yake ilifungwa kwa wageni, na wazee walikufa bila kuona watu wao isipokuwa kupitia kioo. Aliposikia habari ya Yokohama alisema neno moja tu: "Dirisha." Halafu akasema tuzungumze kesho.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwahi kuwa na mashaka juu ya roshani. Alikuwa akinisikiliza mimi. Alitaka kujua nitamwelekeza wapi, huku tukijua wote wawili kilichokuwamo katika bahasha.

Nilikuwa na shaka moja ya kweli, isiyohusu pesa, na niliitoa. Barza yetu ni mahali pa watu. Unakaa pale ili uonekane. Anayepita anakusalimu, unamjibu, unamwuliza habari za mgonjwa wake, anaingia au haingii. Ndiyo maana neno hilohilo lina maana ya mkutano wa wazee, na kule Kivu ya Kaskazini Barza likawa jina la chombo cha kukutanisha makabila. Roshani ya meli imetengenezwa kwa kusudi la kinyume. Ina kiambaza kushoto na kiambaza kulia ili usimwone mtu. Mbele yako ni maji. Unalipa yuro 400 zaidi ili usisalimiwe na yeyote. Je, hili ni jambo la kumfurahisha mwanamke wa Uvira, peke yake, usiku 7? Nilimwambia kwamba anaweza kuchukua chumba chenye dirisha na kutumia mchana wake kwenye sitaha ya wote, ambako kuna viti, watu na chai.

Alifikiri. Nilisikia basi likipita mtaani kwao.

"Papa, miaka 24 watu wameniita usiku. Kengele ikilia, naenda. Nikikaa ku barza ya nyumba yangu hapa, iko simu. Nataka nikae mahali hakuna mutu wa kuniita. Siku saba tu. Kisha nitarudi ku watu."

Sikuwa na jibu la isimu kwa hilo. Alisema pia kwamba nimwombee mfanyakazi wa chumba jina lake, ili awe na mtu wa kumsalimu asubuhi kabla ya kufunga mlango. Nikamjibu kwamba jina hilo ataambiwa siku ya kwanza. Huwa wanajitambulisha wenyewe.

Likabaki suala la upande. Waingereza wana neno posh, kwa watu wa hali ya juu, na kuna hadithi kwamba linatokana na herufi za kwanza za maneno yaliyogongwa kwenye tiketi za matajiri waliokwenda India: upande wa kushoto wakati wa kwenda, upande wa kulia wakati wa kurudi, ili wakae kivulini. Ni hadithi tamu, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huipenda, lakini tiketi ya namna hiyo haijawahi kuonyeshwa. Etimolojia za aina hii tunazo nyingi hata kwetu. Hata hivyo swali lenyewe ni la haki. Meli ya mama mdogo inazunguka Mediteranea kwa kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo nchi kavu iko kushoto sehemu kubwa ya safari na bahari tupu iko kulia. Nilimwonya kwamba meli husafiri hasa usiku, na bandarini upande utakaotazama mji hutegemea nahodha alivyofunga. Mtu mwingine angesema basi haina maana.

"Usiku taa za inchi kavu zinaonekana?"

"Meli ikipita karibu, ndiyo."

"Kushoto."

Tulichagua chumba cha sitaha ya nane, upande wa kushoto, karibu na katikati, kimezungukwa na vyumba vya kulala juu na chini, mbele kidogo ya mashua ya mwisho, mahali ambapo mchoro unaonyesha nafasi iliyo wazi. Kizuizi chake ni cha kioo, si cha bati. Hilo nililithibitisha kwenye picha, kwa sababu kizuizi cha bati humzuia mtu aliyeketi asione maji. Binti yake alilipa jioni ileile. Yuro 1,290. Kati ya 210 zilizobaki alitoa za treni ya Marseille, na zilizobaki baada ya treni zikanifikia mimi, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao haukutaja pesa hata mara moja.

Ada nimeilipa nusu. Nusu nyingine ninaitafuta kwa kupiga chapa kazi za mwisho wa masomo za wenzangu wa kitivo cha sheria, ukurasa kwa ukurasa. Wanaandika sentensi ndefu, na siku hizi nawashukuru kwa hilo. Idara ya fedha imenipa hadi Juni. Mama mdogo anaondoka Mei. Mama yangu alinilaumu kidogo, kwamba ningeweza kusema chumba cha dirisha kinatosha, angenisikiliza. Ni kweli, angenisikiliza.

Juzi amenitumia ujumbe mwingine. Amenunua kitenge kipya cha safari, na anauliza kama atakifua chumbani anaweza kukianika kwenye kizuizi cha barza. Nimesoma tena masharti ya meli. Hairuhusiwi: upepo hukichukua, na tangu habari za moto hawataki kitambaa nje. Nimemwandikia akianike bafuni, kuna kamba ndogo inayovutwa kutoka ukutani. Amejibu kwamba hiyo si barza basi, lakini ataiona.